Bwana Uwanja na Ng'ombe Ambao Hawakuwepo

Hakukuwa na ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa huku, ukimtaja yule mzee, neno la kwanza kutoka mdomoni mwao ni ng'ombe. "Si yule aliyeacha ng'ombe uwanjani, ndege ikaanguka?" Hakukuwa na ng'ombe, wala ndama, wala mbuzi. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo ndege. Nyonga yangu ya kushoto inajua mpaka leo, hasa wakati wa baridi.

Jina lake silitaji. Sote tulimwita Bwana Uwanja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa ndege, ule wa udongo, nje ya Bariadi ukielekea Ngulyati. Enzi hizo mkoa wa Simiyu ulikuwa bado, tulikuwa watu wa Shinyanga. Na unaposikia uwanja, usifikirie jengo. Ulikuwa ukanda wa ardhi iliyofyekwa, mawe yaliyopakwa chokaa kando kando, na kibanda cha mabati. Ndani ya kibanda kulikuwa na fyekeo, jembe, debe la chokaa na viatu vyake. Kwetu palikuwa ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo nimemwona tangu nilipokuwa na akili ya kuona mtu.

Viatu alivaa ndege inapotua tu. Siku nyingine zote alitembea miguu mitupu, na haikuwa umaskini, maana mshahara wa wilaya alikuwa anaupata. Alisema mguu ndio unaojua. Kila asubuhi alikwenda uwanja mzima akikanyaga kwa kisigino, ananyanyua, anainama kutazama. Alama ikiwa kavu anapita. Alama ikijaa maji anachomeka kijiti. Upande wa kusini wa uwanja ni luseni, ule mchanga wetu unaokunywa mvua hapo hapo. Upande wa kaskazini ni mbuga, udongo mweusi, ukinyeshewa hata punda anaogopa. Ndege ilihitaji pande zote mbili. Aliwaambia wakubwa wa wilaya, wakamjibu kwamba mtaalamu alishapima na ramani ipo ofisini.

"Basi siku ya mvua itueni kwenye ramani," akawaambia.

Ndivyo alivyokuwa. Hakutukana, hakupaza sauti, lakini ulimi wake ulikuwa na makali, na wakubwa hawapendi makali kwa mtu wa fyekeo.

Tena hakuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Kwetu Usukumani mwanamume asiye na ng'ombe ni kichekesho, na huyu kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe za wenzake. Wachungaji walimtania sana. "We mzee, ng'ombe utawajulia wapi? Hata mkia huna!" Naye anajibu taratibu, "Nawajua wa kwenu wote. Yule mwenye pembe iliyopinda nikimpigia mluzi mara moja anageuka. Wewe nakuita mara tatu." Wanacheka, wanageuza kundi. Mchungaji ambaye ng'ombe zake zilipita uwanjani alijaza mashimo ya kwato kwa mikono yake, moja moja, na Bwana Uwanja nyuma yake akikagua kwa kisigino. Wakimaliza alimpa uji. Nakumbuka kaka yangu alijaza mashimo mchana kutwa, akarudi nyumbani ameshiba, hana hata kinyongo. Baada ya miaka michache ya hivyo, ng'ombe wenyewe walizoea. Walifika kwenye mawe ya chokaa, wanageuka bila kuambiwa.

Kwa hiyo aliyetunga habari ya ng'ombe alitunga uongo wenye akili. Mgeni angesema injini. Mtu wa huku tu ndiye angechagua kosa ambalo kila mtu angelielewa bila kuelezwa, na ambalo mzee asingeweza kulijibu bila kuonekana anajitetea. Nitamtaja mtu huyo. Subirini.

Kwanza moshi. Hapo zamani uwanja haukuwa na redio. Marubani wa shirika la umma, waliokuwa wanakuja tangu mwanzo, walikubaliana naye hivi: ndege ikisikika, awashe moto pembeni. Akiweka magunzi makavu na majani mabichi, moshi mweupe unapanda, rubani anaona upepo unatoka wapi na anajua uwanja uko salama. Akiweka vipande vya tairi, moshi mweusi, maana yake usitue, geuza, rudi Mwanza. Ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeandika mahali. Sisi watoto wa ng'ambo tulijua. Ukiona moshi mweusi unasema "leo inarudi," na kweli ndege inazunguka mara moja, inainamisha bawa kama mtu anayesema asante, inakwenda zake. Mimi niliyejua hayo nikiwa na miaka saba, nilikuja kukaa ndani ya ndege nikautazama moshi huo huo kutoka juu. Nitafika huko.

Ndege yenyewe ilikuwa na maisha matatu, na Bwana Uwanja ndiye mtu pekee aliyeyajua yote. Ya kwanza ilikuwa mali ya shirika la umma, nyeupe yenye mstari wa buluu, injini mbili, viti tisa. Ilileta wakaguzi wa pamba, maboksi ya chanjo, mara moja moja daktari. Rubani mmoja wa shirika alimbembeleza miaka mingi apande, wazunguke juu ya Bariadi, aone paa la nyumba yake. Alikataa. "Nikipanda mimi, nani atakuwa chini kunipokea?" Mtu aliyeipenda ndege kuliko wote, anaipangusa vumbi kwa shati lake, hakuwahi kuingia ndani zaidi ya ngazi.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wengine wanaisifu, na mimi siwezi kusema uongo, hata sabuni ilipatikana. Lakini mashirika yalivunjwa, watu wakapunguzwa kazini wakiwa na nguvu zao, na mali zikauzwa kwa waliokuwa wanakunywa chai na wauzaji. Ndege akaichukua Sengo, tajiri wa Mwanza mwenye mabasi mawili na maneno ya kutosha mabasi kumi. Sengo ni wa kwanza katika orodha yangu ya wenye hatia. Aliipaka nyekundu na njano. Aling'oa viti vitano ili mizigo ienee, na kamba za kufungia mizigo hakununua. Akaanza kuikodisha kwa bendi za dansi zilizokuwa zinazunguka mikoa ya ziwa. Wakati ule bendi kushuka kwa ndege ilikuwa sifa kubwa. Watu walilipa kiingilio kwa sababu tu wanamuziki hawana vumbi miguuni.

Siku ilipotua kwa mara ya kwanza na rangi zile mpya, watu wote walikimbilia mlangoni kuwaona wanamuziki. Bwana Uwanja alikwenda chini ya bawa la kushoto. Huko kulikuwa na kiraka ambacho alimwona fundi wa shirika akikipigilia. Akapapasa, akakipata chini ya rangi.

"Kumbe ni wewe," akaiambia ndege. "Wamekuvisha hivi?"

Nilikuwepo. Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei na kila kitu kilinichekesha.

Dansi yenyewe hakuipenda. Alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, na alisema gitaa linalia kama mtu asiyejua anataka nini. Lakini bendi ilipojaribu vyombo vyake kwenye kivuli cha bawa, nilikitazama kisigino chake, kile kile cha kupimia udongo, nikakiona kinagonga chini sawasawa na tumba. Aliponiona natazama, alikisimamisha.

Mimi siku hiyo hiyo ndiyo nilichukuliwa. Nilijifunza kucheza shambani, kwenye bugobogobo, tunalima kwa ngoma, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na anayekosea mdundo anakatwa mguu. Jioni bendi ilipopiga, nilipanda jukwaani bila kuitwa. Kiongozi wao akasema huyu tunaondoka naye, nikaondoka nao. Msinionee huruma kwa hilo. Nilikula vizuri, nilivaa vizuri, niliwatumia watu wetu mabati. Kazi ilikuwa kazi na niliijua. Waliniita Shoo.

Wa pili katika orodha yangu ni Lugata. Huyu alikuwa meneja wa kampuni mojawapo kati ya zile zilizokuja kununua pamba baada ya ushirika kulegezwa. Walikuwa wanagombania wakulima kama mapera. Lugata akaona kwamba mwezi wa kumi na mbili, watu wanapopanda, ndipo pa kuwakamata: anayechukua mbegu kwako ndiye atakayekuletea pamba. Akamkodi Sengo, Sengo akatukodi sisi. Bendi itashuka kutoka mbinguni, watu watacheza, mbegu zitagawiwa. Mwezi wa kumi na mbili! Mwezi wa mvua!

Asubuhi ya siku tuliyokuwa tunakuja, Bwana Uwanja alimfuata Lugata kwenye gari lake. Haya nimeyasikia kwa watu wawili waliokuwepo. Alimwambia upande wa kaskazini umeshajaa vijiti, ndege isije, na kama imeshaondoka basi Mwanza wapigiwe simu, rubani aambiwe habari ya moshi.

Lugata akamjibu, "Mzee, hii ni kampuni, siyo shirika. Mambo ya moshi peleka kwa waganga."

Watu wakacheka. Alikuwa na watu wa kucheka karibu naye siku zote.

Nasi tulikuwa tumeshapaa. Rubani alikuwa mpya, hajawahi kuiona Bariadi. Spika zimepangwa mahali pa viti, tumezikalia. Tulipokaribia niliuona moshi. Mweusi, mnene, unapanda wima. Nilimwambia mpiga tumba aliyekaa karibu nami, kijana mpole aliyekuwa akinipa embe, nikasema, "Ule ni moshi wa kukataza." Yeye akamwambia kiongozi. Kiongozi akageuka.

"Shoo, kaa chini. Kwenu wanatuwashia moto wa kutupokea."

Nikakaa chini. Ndiyo. Nilikuwa nimevaa nguo za jukwaani, nimepaka rangi mdomoni, nilitaka kushuka kwetu hivyo. Nikajiambia labda siku hizi moshi umebadilika maana.

Magurudumu yaligusa luseni vizuri kabisa. Bendi ikapiga makofi. Kisha tukaingia mbugani. Gurudumu la mbele lilizama mpaka kwenye mhimili, pua ikachomeka, mkia ukapanda juu, na spika zote zikaja mbele. Moja ilinikuta mimi nyongani. Nyingine mbili zilimkuta mpiga tumba. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Bwana Uwanja, tope mpaka mapajani. Alikuwa amesahau kuvaa viatu. Alinitoa kwa kunivuta kwapani, akarudi ndani, akamtoa mpiga tumba akiwa ameshakata roho, akamlaza kwenye majani, akamfunika uso kwa shati lake.

Sasa wa tatu, niliyesema nitamtaja. Machibya, mwenyekiti wa sungusungu wa kijiji chetu, mwenye kundi kubwa la ng'ombe kuliko wote, mtu ambaye neno lake hapo lilikuwa polisi na hakimu. Lugata alikuwa ameshamfanya wakala wake wa mbegu. Kijana amekufa, nani atawajibika? Sengo hakutaka awe Sengo, na Lugata hakutaka awe Lugata. Machibya ndiye aliyesema, "Kwani ng'ombe hawakuwepo uwanjani?" Alisema kwa namna ya kuuliza tu. Yule aliyemwangalia mzee miaka yote akiwageuza ng'ombe zake!

Baada ya wiki moja sungusungu walikaa. Karatasi ikasomwa: ng'ombe walikuwa wengi uwanjani, mlinzi hakuwepo. Bwana Uwanja akasimama. Hakutoa hotuba. Alisema, "Twendeni tukaangalie gurudumu. Kama iligonga ng'ombe kuna damu, kuna manyoya. Kama ni tope kuna tope. Ni mwendo mfupi." Alishaanza kutembea. Hakuna aliyeinuka. Machibya akainua ile karatasi.

"Humu mna dole gumba la mtoto wa hapa hapa, aliyekuwa ndani ya ndege. Atawaongopea watu wa kwao ili iweje?"

Yakaisha. Dole lile lilikuwa langu.

Adhabu ya kwetu ninyi mnaotoka mbali hamuijui. Hupigwi wala hufungwi. Watu wanaacha kukusalimia. Anayekusalimia anatozwa. Hupewi moto wa kuwashia, hupewi zamu ya kisima, ukifiwa haji mtu. Wilaya nao wakampunguza kazini mwezi huo huo, barua ikaja na baiskeli.

Unadhani aliondoka? Alikaa na ndege. Haya ndiyo maisha ya tatu ya ndege, na marefu kuliko yote kwa jinsi yalivyokuwa. Sengo hakuja kuichukua, ingemgharimu kuliko thamani yake. Bwana Uwanja alikata matawi ya minyaa akayapanda kuizunguka, kama tunavyozungushia boma, akaacha mlango mmoja. Hakuruhusu mtu kung'oa hata msumari. Alikuwa anawangoja wakaguzi. Alisikia kwenye redio kwamba ndege ikianguka wakaguzi lazima waje kuikagua, na akiamua kuamini kitu ameamini. Gurudumu lile lilikuwa ushahidi wake. Kiangazi kilipokuja tope likakauka likawa kama saruji, limelishika gurudumu, hakuna damu, hakuna unyoya. Alilifunika kwa gunia mvua isiharibu. Mtu asiye na ng'ombe, mwenye boma zuri kuliko watu wote, na ndani yake ndege.

Wakaguzi hawakuja. Minyaa ikafika kifuani, ikampita kichwa.

Mke wake alifariki mwaka wa pili. Hakuna aliyekwenda. Nitalirudia hili kwa sababu ndilo linaloniamsha: hakuna aliyekwenda. Mwanamke aliyewapa uji watoto wa kijiji kizima. Kaburi alichimba yeye na binti yake, siku mbili, kwa jembe la uwanja, na nyumba zilizokuwa karibu zilifunga milango ili zisionekane zinatazama. Binti alishika miguu, yeye akashika mabega.

Halafu Lugata akataka mabati ya ndege. Bei ya chuma chakavu ilikuwa imepanda. Lori likaja na watu wa misumeno, na Machibya na vijana wake wa sungusungu mbele. Bwana Uwanja akalala chini ya pua, akalikumbatia gurudumu. Wakamtoa wanne, kila mmoja kiungo. Wakakata minyaa, ule utomvu wake ukawaingia vijana machoni, wakalia kama watoto, na hilo tu ndilo lililonifurahisha niliposimuliwa. Ndege ikaondoka vipande vipande. Yeye akafunga mzigo akahamia Nkoma kwa dada yake.

Nimewataja watatu. Wa nne ni mimi. Nilikuwa hospitali Mwanza, mguu umening'inizwa, na Lugata akaja na karatasi na kile kisanduku cha wino. Akasema kampuni itagharamia upasuaji wa nyonga, kuna jambo dogo tu. Nikaweka dole. Upasuaji ukafanyika, ukafanyika vibaya, sikucheza tena. Kwa miaka mingi walioniuliza niliwajibu vile vile: mimi shule yangu ndogo, nililetewa karatasi, nikakosea. Watu walinipa pole. Niliwahi hata kupewa kitenge.

Uzee unapobisha hodi mtu anaanza kutafuta. Sikuwa na ujasiri wa kumtafuta yeye, nikaitafuta ndege, maana ndege haina macho ya kukutazama. Viti viwili nilivikuta kwenye baa moja Bariadi, wateja wanavigombania kwa sababu vinalala nyuma. Mlango ulikuwa wa banda la kuku huko Ngulyati, na dirisha lake dogo la mviringo bado lina kioo, kuku wanachungulia. Bati la mwili lilikwenda Mwanza kwa mafundi wa sufuria, likayeyushwa. Nilimpata fundi rangi aliyeipaka nyekundu na njano, mzee sasa, akaniambia Sengo hakumalizia malipo yake. Na kila mahali nilipouliza, kabla sijamaliza sentensi, walisema, "Aa, ile ya ng'ombe!" Baa, banda la kuku, kwa mafundi wa sufuria. Nikaona uongo wangu umetembea kuliko mimi.

Nikaenda Nkoma. Mwaka juzi, baada ya mavuno. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye gunia, amekonda, macho yake yale yale.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia salamu. Alinitazama ninavyokuja. "Nyonga?"

"Nyonga."

Nikakaa. Nikamwambia yote, dole, karatasi. Nikasema, "Nilikosea, baba. Shule yangu ndogo, sikuelewa yaliyoandikwa."

Aliendelea kupukuchua. "Ulifika la nne. Ulikuwa unapita kwenye kibanda changu na daftari, unasoma kwa sauti maandishi ya kwenye mabati. Ulikuwa unasoma vizuri."

Kuku akaja akala mahindi, akamwacha ale.

"Gulio la Dutwa, wanakouzia watu wa kwetu, ni keshokutwa," akasema. "Utakuja?"

"Kufanya nini, baba?"

"Kusema."

Tukaenda. Amevaa viatu. Tulianzia kwenye bucha, na muuza nyama alipomwona tu akasema, "Heee, mzee wa ng'ombe! Uko hai?" Nikasema pale pale, kwa sauti, hakukuwa na ng'ombe, mimi ndiye niliyeweka dole, nilikosea. Muuza nyama akajikuna kichwa kwa mpini wa kisu. Tukaenda kwa mafundi baiskeli, kwa wauza mitumba, kwa wa mashine ya kusaga. Wa bodaboda wakasema, "Ndege? Ipi hiyo, mama? Hapa?" Hawakuwa wamezaliwa. Lakini neno ng'ombe walikuwa nalo, wamelirithi bila habari yake. Mama mmoja wa dagaa, rika langu, mtu wa kijijini kwetu, aliacha kopo la kupimia hewani.

"Kwa hiyo yule mama alizikwa na watu wawili bure?"

Akalirudisha kopo kwenye dagaa, akaanza kulia bila kujifuta.

Machibya tulimkuta kwenye benchi nje ya duka la dawa za mifugo. Mzee, fimbo, kofia nzuri. Watu walikuwa wameshatufuata, wengi tu. Nikasema maneno yangu, nilikosea. Machibya akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akainuka. Bado ana sauti ile.

"Jamani, mmesikia. Binti alikosea, shule hakupata. Sisi nasi ni binadamu. Mambo ya zamani yaishe. Leo, mbele ya gulio zima, mzee wetu tumemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Wengine walitaka kuja kumshika mkono.

Bwana Uwanja alikuwa anasubiri makofi yaishe.

"Nimesamehewa nini?"

"Si yale, mzee mwenzangu."

"Yapi?"

Machibya akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Bwana Uwanja akageuka akaenda zake kituoni.

Nilimfuata ninavyoweza kwa mguu huu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, anasubiri gari la Nkoma.

"Baba, si nimesema? Mbele ya watu wote?"

"Umesema ulikosea. Anayekosea anasamehewa. Wamekusamehe wewe, na mimi wakanitupia humo humo." Akapangusa kiatu. "Lugata alikusomea ile karatasi?"

"Alinisomea."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma."

"Ukaelewa?"

Gari lilikuwa linakuja, vumbi lake linaonekana.

"Nilielewa."

"Basi hukukosea." Alisimama, akapandisha kiroba chake. "Gulio lijalo nakuja tena. Uje."

Gulio lililofuata nilifika mapema, kabla yake. Sikuanzia kwenye bucha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi la duka la dawa, Machibya amekaa na watu wake, nikasimama mbele yake nikasema nilidanganya, nilijua, na wewe ulijua. Akaniambia nipunguze sauti.

Sikupunguza.